Ukurasa wa Kushoto

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na Mwalimu wa piano ameniamuru niwe na shajara. Alinipigia simu saluni nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima. Akasema mtoto ana kipaji, ila mazoezi ya nyumbani yamelegea, kwa hiyo kila siku niandike amecheza nini.

"Mama, dakika ishirini zinatosha, lakini ziwe kila siku, saa ileile. Aanze na pale panapomshinda, amalizie na anachokipenda. Na wewe ukae karibu naye, ila usimkalie kichwani."

Mimi nala kwa kukalia watu vichwani, asubuhi hadi jioni. Sikumwambia hivyo. Nikasema sawa, Mwalimu.

Kisha akauliza, "Na baba yake hajambo?" Nikajibu, "Hajambo, yuko kazini." Si uongo. Yuko kazini, anapiga kinanda kwenye hoteli ileile. Tofauti ni kwamba akitoka kazini haji huku. Tangu kiangazi anarudi kwa mwanamke mwingine upande wa pili wa mji, na mimi sijamwambia mtu, isipokuwa bosi wangu wa saluni, ambaye alijua kabla sijafungua mdomo.

Habari za piano zilikuwa zake. Yeye ndiye aliyeinunua mtumba, ndiye aliyemkalisha mtoto kwenye benchi wakati miguu yake haijafika chini, ndiye aliyempeleka kwa Mwalimu kila Jumamosi. Sasa nimerithi mimi, pamoja na mtungi wa gesi na balbu zinazoungua. Faida ya kuachwa niliyoiona mpaka leo ni moja tu: asubuhi natandika nusu kitanda. Nalala upande wangu wa ukutani, ule mwingine haujikunji.

Jumanne, 12 Machi

Binti yangu ana miaka tisa. Baba yake alimbandika jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi, anaongea hata akipiga mswaki. Siku hizi ukimuuliza jambo anakujibu kwa mabega.

Leo nimekaa karibu. Kuna wimbo atakaoucheza kwenye onyesho la Mwalimu, mvua zikiisha, mbele ya wazazi wote. Baba yake ndiye aliyemchagulia. Karatasi yake iko wazi juu ya piano, kurasa mbili. Mimi muziki siujui, naona njiti za kiberiti zimeanikwa kwenye waya. Anacheza vizuri, tena vizuri sana, mpaka mstari wa tatu. Hapo anasimama. Anaweka mikono mapajani, anatulia, halafu anaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

"Mbona umesimama?"

"Ndivyo ulivyo."

"Wimbo gani unasimama njiani kama gari bovu?" Akapandisha mabega. Nikauliza, "Na huu ukurasa wa kushoto mbona huuchezi? Unaanzaje na wa kulia?"

"Huo siyo wangu."

Nikajisemea, basi Mwalimu hajamfikisha huko. Nimeandika: mstari wa tatu unamshinda.

Alhamisi, 14 Machi

Dakika ishirini. Kasimama palepale. Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Unyevu umeingia kwenye piano. Kibonyezo kimoja, cha upande wa kushoto kabisa, kikibonyezwa hakinyanyuki. Nimeazima mashine ya kukaushia nywele saluni. Bosi akauliza ya nini, nikamwambia nina mteja nyumbani mwenye meno mengi na hana nywele hata moja. Tumeikausha piano mimi na Chiriku, yeye kashika waya, mimi napuliza. Alicheka kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo.

Kibonyezo kimenyanyuka. Chiriku akakigusa kama mtu anayepima uji kama umepoa. Nikamwambia, "Lakini hiki si hukitumii?" Akasema, "Kinatumika."

Jumatano, 20 Machi

Nimechoka. Amecheza. Mstari wa tatu vilevile.

Jumatano, 27 Machi

Leo nimepata akili. Mteja aligundua msuko mmoja nyuma ya sikio umekaa vibaya, akataka kulia. Nikamwambia, tulia dada, msuko mmoja ukiharibika hatufumui kichwa kizima. Nikaufumua huo huo, nikausuka upya, nikamsindikiza.

Njiani kurudi nikawaza: Chiriku kila akikosea anaanza mwanzo. Anafumua kichwa kizima. Basi nimemwekea vibanio kumi vya nywele upande wa kulia wa piano. Acheze mstari wa tatu peke yake, polepole, mkono mmoja kisha mwingine. Akipita salama, kibanio kimoja kinahamia kushoto. Akikosea, vyote vinarudi. Aliupenda mchezo huo, hata aliviita vibanio abiria.

Mikono inajua kila kitu, haikosei hata mahali pamoja. Lakini akifika palepale, mikono inashuka mapajani. Abiria hawakuvuka hata mmoja.

Jumanne, 2 Aprili

Naandika nikiwa na aibu.

Ilikuwa siku ya mvua ya kumwaga ndoo. Nilisimama saluni tangu asubuhi, miguu imevimba, na mchana nilimwona baba yake. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kamshikia mwavuli mwanamke mmoja, yeye mwenyewe bega lote linalowa. Miaka yote niliyokaa naye, mwavuli alikuwa anaushika katikati, haki sawa. Nilirudi kwenye kichwa cha mteja nikamvuta nywele mpaka akaniomba samahani yeye.

Jioni Chiriku akaketi. Kibanio cha kwanza, kasimama. "Endelea," nikasema. Akarudia, kasimama. "Endelea, Chiriku. Hakuna kitu hapo cha kukusimamisha." Mara ya tatu akaweka mikono mapajani akatazama ukuta, ametulia kabisa kama mtu aliye kituoni. Nikaona anafanya makusudi. Nikaona ananidharau, ni mtoto wa baba yake, wote wawili wananitazama nikihangaika wao wametulia tu.

Nikavikumba vibanio vyote vikaruka sakafuni. Nikasema kwa sauti ambayo jirani wa juu aliisikia, najua alisikia kwa sababu redio yake ilipunguzwa: "Unasubiri nini? Hebu niambie, unasubiri nini hapo?"

Hakulia. Alishuka kwenye benchi, akapiga magoti, akaokota vibanio kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa kimeingia chini ya piano, akakitoa kwa rula. Akavipanga vyote upande wa kulia, akaenda kulala bila kula.

Mwalimu alisema nisimkalie kichwani. Mimi nimemkalia moyoni.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemwomba msamaha. Amesema, "Haidhuru, mama." Sauti ya mtu mzima. Roho imeniuma zaidi.

Jumapili, 7 Aprili

Wifi yangu amekuja, amelowa chapachapa. Yeye ni dada wa mume wangu, na ndiye anayempeleka Chiriku kwa Mwalimu Jumamosi, maana siku hiyo saluni inafurika. Humwacha getini akaenda sokoni, kisha humpitia. Tangu kaka yake aondoke nimekuwa nikimwona kama jasusi wa upande wa pili. Leo ametoa viatu mlangoni akasema, "Wifi, ukitaka kunifukuza nifukuze mvua ikikatika, sasa hivi nitakufa maji." Nikacheka bila kutaka.

Tulichambua mboga pamoja, Chiriku akicheza sebuleni. Alipofika mstari wa tatu pakawa kimya. Wifi akaacha kisu hewani. Akasikiliza kile kimya mpaka kikaisha, na muziki ukaendelea, ndipo akashusha kisu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu.

Wakati wa kuondoka akaniambia, "Subira yavuta heri, wifi." Nikamwambia, kwangu subira inavuta mvua tu. Akaniinamia akanishika mkono. Nilidhani ataniteta kwa kaka yake, kumbe na yeye ameumia. Nimemdhania vibaya.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Abiria hawajavuka.

Jumatano, 17 Aprili

Leo saluni umeme umekatika, nikatumia nafasi kwenda kwa Mwalimu mwenyewe. Anakaa nyumba ya chini, chumba cha mbele kina piano mbili na viti vya plastiki. Nilimtarajia mwanamke mkali. Ni mama mnene mwenye kandambili, alikuwa anakula ndizi.

Akanipokea kwa furaha, akaniambia hata kabla sijakaa, "Mama, mwambie baba Chiriku nampongeza. Anafanya kazi kubwa na mtoto. Wazazi wengi hawana moyo huo."

Nikauliza, kazi gani?

"Si hayo mazoezi ya nyumbani! Kila Jumamosi mtoto ananisimulia. Jana baba kanirekebisha mkono wa kushoto. Jana baba kasema nipunguze mwendo. Halafu ile ya vibanio vya nywele nimeipenda mno. Nimewafundisha na wazazi wengine. Mwenyewe kasema, baba ananiwekea vibanio kumi, anaviita abiria."

Sikujua nilie au nicheke. Vibanio vyangu. Vidole vyangu vyenye mafuta ya nywele, miguu yangu iliyovimba, vyote kavitoa kwangu akampa yule, ili naye awe na kitu cha kusifiwa.

Nikajikaza, nikamuuliza juu ya mstari wa tatu. Nikasema mtoto anasimama hapo, nimejaribu kila dawa. Mwalimu akanitazama kama haelewi, kisha akaenda kabatini akaleta karatasi ileile, akaiweka mapajani mwangu.

"Lakini lazima asimame, mama. Huu ni wimbo wa watu wawili kwenye piano moja. Ukurasa wa kulia ni wake. Wa kushoto ni wa baba yake. Hapa mstari wa tatu yeye ananyamaza, baba anaingia peke yake, huku chini, kwenye sauti nzito. Akimaliza, mtoto anaingia tena." Akaweka kidole. "Kwani nyumbani hawauchezi pamoja?"

Kwenye ukurasa wa kushoto njiti zilikuwa zimejaa. Upande wa kulia, mstari uleule, hapakuwa na kitu, waya tupu.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nilivyoachwa, tangu lini, na kwamba mtoto hakuna anayecheza naye. Mwalimu aliweka ganda la ndizi chini, akasema "Ee Mungu wangu" polepole. Mvua ilipiga bati. Mimi nilikuwa nawaza mikono ile midogo mapajani. Kumbe haikuwa imeshindwa kitu. Kila jioni alimwachia baba yake nafasi yake, urefu uleule bila kupunja, na mimi nimesimama nyuma yake namwambia hakuna kitu hapo.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeweka kiburi kando, nimempigia. Sikuwa nimempigia tangu aondoke. Nikasema sikuitii mambo yangu, nakuitia mtoto, ana onyesho tarehe kumi na nane mwezi ujao na wimbo ni wenu. Nikasikia anavuta pumzi. "Nitakuja nifanye naye mazoezi," akasema. "Na siku yenyewe nitakuwepo. Nakuahidi."

Sikumwambia Chiriku. Ahadi za huyu mtu huwa nazianika kwanza nione kama zitakauka.

Jumatano, 24 Aprili

Amekuja.

Alibisha hodi kwenye mlango ambao kitasa chake alikitengeneza mwenyewe. Chiriku alifungua, akabaki kasimama, kisha akasogea pembeni ampishe kama mgeni. Hawakukumbatiana. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, akaketi nusu ya kulia. Hapo ndipo nilipoona: siku zote huketi nusu ya kulia. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya mwanga wa dirisha.

Baba yake akaketi kushoto. Mimi nikaingia jikoni nikajitia kuosha vyombo vilivyo safi.

Sijui nieleze vipi. Wimbo niliousikia masika yote ulikuwa mkavu, mzuri lakini mkavu. Leo umepata sakafu. Ulipofika mstari wa tatu nikashika sinki kwa mikono miwili. Pale pa kimya pakaingia sauti nzito, ya polepole, inapanda kidogo na kushuka, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Kisha Chiriku akaingia juu yake. Alichelewa kidogo, na baba yake akamngoja. Nilisikia akimngoja. Sijawahi kumsikia mtu huyu akimngoja mtu yeyote.

Baadaye Chiriku akaongea. Maneno yalimtoka kama bomba lililozibuliwa: habari za shule, za pengo, za piano iliyokaushwa kwa mashine ya nywele. Baba yake akacheka mpaka akajifuta macho. Alipoaga, nilimsindikiza hadi ngazini. Akasema, "Umemlea vizuri." Nikasema, "Usafiri salama." Nilitaka kusema rudi. Lilikuwa limenifika kwenye meno.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimejisuka nywele. Bosi kaniuliza kuna sherehe gani. Nikamwambia hakuna.

Jumatano, 1 Mei

Alisema atakuja leo. Hakuja. Barabara zimejaa maji, labda.

Jumatano, 8 Mei

Hakuja. Maji yamekauka barabarani.

Chiriku kasema, "Mama, yeye wimbo anaujua, hana haja ya mazoezi." Anamtetea. Na mimi nikaitikia, nikamwambia kweli, baba yako fundi. Wote wawili tunamkandia ukuta unaobomoka.

Jumamosi, 18 Mei

Asubuhi nilimpaka mtoto mafuta, nikamsuka misuko midogo, kila mmoja umenyooka. Alikaa kati ya magoti yangu bila kulalamika. Akauliza, "Baba atavaa shati gani?" Nikasema jeupe.

Tulikuwa tumefika ukumbini simu ilipotoa mlio. Ujumbe wa sauti. Nikatoka barazani kuusikiliza. Hoteli wamembana, kuna arusi, bosi wake kakataa kabisa, asamehewe. "Lakini nimeirekodi sehemu yangu. Wekeni simu juu ya piano, acheze nayo. Itatoka safi." Na kweli chini yake kulikuwa na sauti nyingine: piano nzito, polepole, mwanzo mpaka mwisho.

Wifi alikuwa pembeni yangu. Alisikia yote. Akasema, "Kaka yangu huyu, wifi, sina la kumsemea," akafunika uso kwa mtandio.

Nikamwita Chiriku barazani, nikamweleza. Sikumficha, nimechoka kuficha. Nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza sehemu yote akiwa amekunja uso kwa makini, kama anavyosikiliza masahihisho. Kisha akanirudishia simu.

"Hapana, mama. Simu haitanisubiri nikichelewa."

Mwalimu akaja, akachuchumaa mbele yake pamoja na unene wake, akamwambia, mwanangu, mimi nitakaa pale nicheze sehemu ya baba. Chiriku akamshukuru. Akasema, "Hiyo ni ya baba, Mwalimu." Mwalimu akanitazama. Nikatikisa kichwa kumwambia amwache.

Akaitwa. Alipanda peke yake, akaketi nusu ya kulia ya benchi. Nusu ya kushoto ikabaki wazi mbele ya watu wote. Akaanza, na vidole havikutetemeka hata kidogo. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha mikono ikashuka mapajani.

Ukumbi ukanyamaza naye. Baba mmoja mbele akadhani wimbo umekwisha, akapiga makofi, mke wake akamshika mkono. Mtoto fulani akacheka. Chiriku hakugeuka. Alitazama ukurasa wa kushoto, macho yakienda taratibu kutoka njiti hadi njiti, na mimi nilikuwa namsikia. Nilimsikia yule mwanamume kwenye kimya kile, kila sauti, ikipanda kidogo na kushuka. Nadhani tulikuwa watatu tuliomsikia, mimi, mtoto na wifi. Nilitamani kusimama niende nikae pale, nibonyeze chochote. Lakini haikuwa nafasi yangu, na mtoto aliijua kuliko mimi.

Zamu ya baba yake ilipokwisha, akanyanyua mikono, akaingia mahali pake bila kuchelewa, akamaliza.

Walipiga makofi mengi. Alishuka akaja kukaa mapajani mwangu, mkubwa wote ule, akalia kwenye shingo yangu mpaka nguo ikalowa. Na mimi nililia, kwa ajili yake, na kwa ajili yangu vilevile, sioni haya kuandika.

Jumapili, 26 Mei

Hagusi piano. Mwalimu amepiga simu, amesema mwache, atarudi mwenyewe. Sijamkalia kichwani.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimekwisha. Nimefungua madirisha yote, nimeanika magodoro.

Mchana nilikuwa nakunja nguo nikasikia kifuniko cha piano kinafunguliwa. Nikabaki na shuka mkononi. Wimbo uleule. Mstari wa kwanza, wa pili. Mstari wa tatu ulipokaribia nikaacha kukunja, nikatega sikio, nikajiandaa kumsikia baba yake.

Hakusimama. Alipita moja kwa moja, akaunganisha sauti yake ya kabla ya kile kimya na ile ya baada yake, kama nguo iliyotolewa kiraka ikashonwa kingo kwa kingo. Masika yote niliomba hilo, nikavikumba vibanio kwa ajili ya hilo. Nikaenda mlangoni.

Alikuwa ameketi katikati ya benchi. Karatasi ameikunja, ukurasa wa kulia tu ndio unaoonekana. Vibanio kumi vilikuwa vimehamia upande wa kushoto, vyote.

"Nimevusha abiria wote, mama," akasema.

"Nimeona, mwanangu. Hongera."

Nikarudisha godoro ndani, nikatandika kitanda kizima kwa shuka safi, nikaweka mito yote miwili. Saa hii naandika nimelala. Nimelala upande wangu wa ukutani.